Nani Amepima, na Kichwa cha Nani?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kipimo. Si kibaba wala pishi, na si mizani ya kununulia mahindi ambayo wakulima wetu wa Ufipa wanaijua kwa machungu yake. Nazungumzia kipimo cha kitu kisichoonekana, kisicho na harufu wala sauti, ambacho hivi ninavyosema nawe kinapenya ukuta wa nyumba yako na kuufikia mwili wako, na ndicho kinachonileta hapo ulipo.

Chanzo cha mazungumzo haya ni safari niliyofanya kwenda kata ya Kaoze, kule bondeni Ziwa Rukwa. Anayeijua safari hiyo hana haja ya kusimuliwa. Unaondoka Sumbawanga mjini umejifunga koti kwa baridi, unateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa huku breki zinanuka, na ukifika chini koti liko begani na jasho linakutiririka. Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari ya mpunga. Nikakuta wananchi wa kijiji kimoja wamekusanyika chini ya mwembe, mwenyekiti na mtendaji wako mezani, na mbele yao wamesimama maofisa wawili wa kampuni moja ya simu. Walikuja kueleza habari ya mnara utakaojengwa kandokando ya kijiji. Vijana walikuwa wanashangilia, maana mpaka siku hiyo mtu akitaka kupiga simu ya maana alipanda kwenye kichuguu kimoja nyuma ya shule, akainua mkono juu kama anayeomba mvua.

Maofisa wakamaliza maelezo. Mmoja akasema vipimo vyote viko ndani ya viwango salama vya kimataifa. Hapo mzee mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, akainua fimbo na kuuliza: "Nani amepima? Na amempima nani?"

Watu wakacheka. Ofisa akarudia yale yale ya kimataifa. Mzee akageuka akaniona na kinasa sauti changu. "Basi wewe mwanangu wa redio," akasema, "wewe kazi yako ni hayo hayo mawimbi. Tuambie."

Msikilizaji, nina stashahada ya uandishi wa habari, na nimekaa mbele ya maikrofoni miaka mingi. Lakini siku ile sikuwa na jibu. Nilirudi nikasoma, na ninayokueleza leo ndiyo deni langu kwa mzee yule.

Kwanza niseme neno juu ya lugha yetu. Kiswahili kimetupa neno moja, mionzi, nalo tumelibebesha mizigo miwili isiyolingana. Mionzi ya eksirei hospitalini na ile ya bomu la Hiroshima ina nguvu ya kung'oa chembe ndogo kabisa ndani ya mwili na kuharibu mbegu za uhai. Wataalamu wetu huiita mionzi ayonisha. Mawimbi ya redio, ya televisheni na ya simu hayana nguvu hiyo. Hayo huitwa mionzi isiyoayonisha, na jambo ambalo sayansi imelithibitisha bila ubishi kuhusu mawimbi hayo ni kwamba yakiwa mengi yanapasha moto. Basi mtu akisikia "mnara unatoa mionzi" anaona Hiroshima, na mtu mwingine akisikia "haina madhara" anadhani hakuna kinachoingia mwilini kabisa. Wote wawili wamekosea.

Sisi watu wa Sumbawanga, hata hivyo, tusichekwe kwa kuogopa kisichoonekana. Nchi nzima inatuogopa sisi kwa sababu hiyo hiyo. Ukifika Dar es Salaam ukasema umetoka Sumbawanga, watu wanasogea kando wakidhani umebeba radi mfukoni.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1888 huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alionyesha kwamba mawimbi haya yapo kweli. Hazikupita hata miaka kumi, daktari Mfaransa, d'Arsonval, akawa anapitisha umeme wa namna hiyo katika miili ya watu kutafuta tiba, na kutokana na kazi kama hizo madaktari wakapata njia ya kupasha joto viungo vinavyouma. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba mwili unafyonza. Kilichokuwa hakijulikani ni kiasi gani.

Swali hilo lililetwa na vita. Katika Vita Kuu ya Pili mataifa yalitumia rada, na askari wakawa wanafanya kazi mbele ya mitambo yenye nguvu ambayo haijawahi kuonekana. Mwaka 1945 fundi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, Percy Spencer, aligundua kuwa chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka alipokuwa karibu na mtambo wa rada. Akatengeneza jiko. Lakini jeshi la wanamaji likajiuliza la maana zaidi: kama chokoleti imeyeyuka, aliyeivaa hiyo suruali je?

Jibu la kwanza lenye tarakimu lilitolewa mwaka 1953 na Herman Schwan, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hesabu yake haikuwa ya kutisha. Mwili wa binadamu wenyewe ni jiko: unatengeneza joto mchana na usiku, na unalitoa kwa jasho na pumzi. Schwan akauliza ni joto kiasi gani la kutoka nje ambalo mwili unaweza kuliongeza juu ya lile lake bila kuelemewa. Akafikia miliwati 10 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Mwaka 1966 tarakimu hiyo ikawa kiwango rasmi cha Marekani.

Wahunzi wa Kifipa waliosimamia malungu, yale matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, wangemwelewa Schwan upesi. Wao pia walipima joto kwa kuangalia tanuri linaweza kustahimili nini.

Warusi lakini hawakukubali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Muungano wa Kisovieti uliweka kikomo cha maikrowati 10, yaani mara elfu moja chini ya kile cha Wamarekani. Kwa nini tofauti kubwa namna hiyo? Wamarekani waliuliza ni wapi madhara yanaanza. Warusi waliuliza ni wapi mwili unaanza kuonyesha dalili yoyote, hata kulalamika kwa kichwa au usingizi. Na hapa historia ina mzaha wake. Kuanzia mwaka 1953 Warusi walikuwa wanaelekeza mawimbi kwenye ubalozi wa Marekani mjini Moscow. Jambo hilo lilipotangazwa mwaka 1976, Wamarekani walikuja juu, lakini nguvu ya mawimbi yale ilikuwa chini sana ya kikomo walichojiwekea wenyewe. Walalamike vipi? Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ulioongozwa na Abraham Lilienfeld na kutolewa mwaka 1978, uliwalinganisha wafanyakazi wa Moscow na wale wa balozi nyingine za Ulaya Mashariki. Haukukuta ushahidi wa madhara.

Mpaka hapo walikuwa wanapima mawimbi yaliyo hewani. Mzee wa Kaoze aliuliza amepimwa nani, nalo ni swali ambalo wataalamu wenyewe walichelewa kulifikia. Mvua inayonyesha si sawa na maji yanayoingia kwenye kibuyu. Ndipo mwaka 1982 Wamarekani wakaingiza katika kanuni zao kipimo kipya: ni wati ngapi zinafyonzwa na kila kilo moja ya mwili. Kwenye karatasi inayokuja na simu hicho ndicho kinachoandikwa kwa herufi tatu, SAR. Kama una simu ya kisasa, bonyeza nyota, reli, sifuri, saba, reli. Kwenye simu nyingi tarakimu itatokea.

Kikomo chenyewe kilitoka wapi? Kilitoka kwa panya na kima. Wanyama hao walifundishwa kubonyeza kitufe ili wapate chakula, kisha wakawekwa kwenye mawimbi. Ilipofika kama wati 4 kwa kilo, joto la mwili lilipanda kama digrii moja na mnyama akaacha kazi. Wataalamu wakachukua hizo wati 4, wakazigawa kwa 10 kwa ajili ya wafanyakazi wa mitambo, kisha wakazigawa tena kwa 5 kwa ajili yetu raia, wakiwemo watoto na wagonjwa. Ndiyo maana kikomo cha mwili mzima kwa raia ni wati 0.08 kwa kilo. Kwa sehemu ndogo kama kichwa, ambapo damu inasaidia kusambaza joto, Marekani iliweka wati 1.6 kwa kilo ikipima katika gramu moja ya nyama. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha iliweka mwaka 1998 wati 2 katika gramu kumi. Mimi siwadharau waliofanya kazi hiyo, mgawanyo wa mara hamsini ni tahadhari ya kweli. Lakini kumbuka kilichopimwa: ni pale mnyama anapoacha kula kwa sababu ya joto. Kama kuna jambo jingine linalotokea polepole bila joto, kipimo hiki hakikutengenezwa kulikamata.

Sasa tufike kwenye kichwa. Huwezi kumtoboa mtu hai ukamtia kipima mawimbi kwenye ubongo. Arthur Guy wa Chuo Kikuu cha Washington, katika miaka ya 1970, alitumia sanamu zilizotengenezwa kwa vitu vinavyofanana na nyama na mifupa, akapiga picha za joto ndani yake. Kutokana na kazi za namna hiyo ikapatikana sanamu moja ya kupimia simu za dunia nzima. Ni kichwa cha plastiki ambacho ndani yake humiminwa maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi, ili yapitishe umeme kama ubongo. Simu inawekwa shavuni, inawashwa kwa nguvu yake yote, na mkono wa mashine unatembeza kipimo ndani ya maji hayo, nukta kwa nukta.

Na kichwa hicho ni cha nani? Umbo lake limetokana na vipimo vya wanajeshi wanaume wa Marekani vilivyochukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakachagua kichwa kikubwa, kinachovipita vichwa 90 katika kila 100, kwa hoja kwamba kichwa kikubwa kinafyonza zaidi. Hakina mkono unaoshika simu. Hakina mtoto mgongoni.

Basi mzee wangu, jibu la swali lako ni hilo: amepimwa mwanajeshi wa Kimarekani wa plastiki, aliyejazwa maji ya sukari.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Hoja ya kichwa kikubwa ilipingwa na wataalamu wenyewe. Om Gandhi wa Chuo Kikuu cha Utah alichapisha mwaka 1996 hesabu zilizoonyesha kwamba katika kichwa cha mtoto mawimbi yanazama ndani zaidi, na wengine wakampinga, wakabishana miaka. Mwaka 2011, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikiri kuwa ubongo wa mtoto anayetumia simu hupokea kwa wastani mara mbili ya ule wa mtu mzima. Mwaka huo huo iliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ushahidi ukiwa mdogo. Hofu yenyewe iliingia majumbani Januari 1993, pale Mmarekani David Reynard alipotokea kwenye televisheni akidai simu ilimletea mkewe uvimbe kichwani. Kesi yake ilitupwa mwaka 1995. Uchunguzi mkubwa uliofuata, uliotolewa mwaka 2010, ulihusisha nchi 13. Nimezihesabu moja moja. Hakuna hata moja ya Afrika. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Habari hiyo ni njema, naipokea, na nakuomba uipokee.

Lakini kupima si jambo la kufanywa mara moja likaisha. Ufaransa ina wakala wa serikali unaonunua simu madukani kama mteja mwingine yeyote na kuzipima upya. Septemba 2023 wakala huo uliipima iPhone 12 ikiwa imeshikwa mkononi au imewekwa mfukoni, ukapata wati 5.74 kwa kilo wakati kikomo cha viungo hivyo ni wati 4. Mauzo yakasimamishwa mpaka kampuni ya Apple ikarekebisha programu. Simu hiyo ilikuwa sokoni tangu 2020. Mama zetu wa bondeni hawaweki simu mfukoni, wanaifunga kwenye pindo la kanga kiunoni au wanaisweka kifuani, ikigusana na ngozi. Kwa miaka mingi vipimo vya mwilini vilifanywa simu ikiwa imetengwa na sanamu kwa milimita 15, hata 25.

Sasa mnara. Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonigeuza kichwa. Simu si kama redio yako, ambayo kazi yake ni kusikiliza tu. Simu inajibu, na kila mnara ukiwa mbali nayo inapaza sauti. Zile simu ndogo za kizazi cha pili, ambazo huku kwetu bado ziko mikononi mwa wengi, zinaweza kufika wati 2 zinaporusha. Zikiwa karibu na mnara zinashuka mpaka sehemu ndogo ya elfu ya hizo. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa simu za vijijini zilitumia nguvu ya juu kabisa kama nusu ya muda wa maongezi, wakati za mjini zilifanya hivyo robo tu ya muda. Yule kijana aliye juu ya kichuguu akimtafuta mchumba wake mjini, simu imebanwa sikioni, ndiye anayepokea kuliko wote. Mnara ukija karibu, simu yake itanong'ona.

Nilirudi Kaoze na maelezo haya. Nikamkuta mzee, nikamweleza yote, chokoleti, panya, kichwa cha mwanajeshi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini mimi sina simu. Mnara huo utanipunguzia nini?"

Akanipata tena. Kwa asiye na simu, mnara unaongeza tu, haupunguzi kitu. Nikamwambia yanayojulikana: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba mawimbi ya minara ya simu, pale watu wanapoishi, yalikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya vikomo vya kimataifa. Kisha nikalazimika kuungama la kwangu. Katika maelezo hayo hayo imeandikwa kuwa, nguvu zikiwa sawa, mwili hufyonza mawimbi ya redio ya FM na televisheni hadi mara tano kuliko yale ya minara ya simu. Sababu ni kimo chetu: mtu aliyesimama ana urefu unaoendana na mawimbi hayo, kwa hiyo anakuwa kama antena. Ndiyo maana hata vikomo vya kimataifa ni vikali zaidi kwa masafa yangu kuliko kwa masafa ya simu.

Mzee akaitazama redio yake iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari. "Kumbe wewe ndiye," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Nchi yetu haikukaa bila sheria. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria ya kinga dhidi ya mionzi iliyoanzisha Tume ya Taifa ya Mionzi, na mwaka 2003 Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7 ikaigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye maabara zake Arusha. Tume hiyo inashughulikia mionzi ya aina zote mbili, na wataalamu wake hupita mikoani na mita zao kupima minara. Kutoka Arusha hadi bonde la Rukwa si karibu, lakini mita yenyewe inabebwa mkononi.

Kwa hiyo jioni ile tukakaa pale chini ya mwembe, mimi, mtendaji wa kijiji na mzee, tukaandika barua. Mtendaji alitaka iseme kuwa wananchi wanaukubali mnara na wanaomba upimwe kabla ya kuwashwa na baada ya kuwashwa. Mzee akakubali, akaongeza mambo mawili. Kwanza, kipimo kifanyike uani kwake na pale shuleni, si barabarani gari linaposimama. Pili, mpimaji asiondoke na tarakimu kwenye daftari lake. Amwonyeshe yeye kioo cha mita, naye ataisoma mwenyewe, kwa sababu miwani anayo.